Swichi ya Ukutani

Nyumbani kwetu Kiponda, katika chumba cha mbele kinachotazama uchochoro, iko swichi moja ya ukutani ambayo kwa miaka tisa niliizima kila usiku kabla ya kulala. Nikishasali isha na kutia komeo mlango wa nje, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ile swichi, kama mkono wa mzee uendavyo mfukoni kutafuta tasbihi. Nilikuwa nikiilinda kompyuta. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na kwa imani hiyo nilimdhulumu mtoto wa watu. Tena si wa watu, ni wa dada yangu.

Nianze na asili ya hofu yenyewe. Msomaji aliyekuwapo Unguja miaka ile hahitaji kukumbushwa. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mwezi wa Mei 2008 ulikatika, tukakaa gizani kiasi cha mwezi mzima. Hata hatujasahau, Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hiyo haukurudi mpaka Machi 2010. Ilikuwa miezi mitatu ya jenereta kunguruma vibarazani, ya ndoo za maji kupandishwa ghorofani kwa mikono, na ya samaki kuliwa siku ile ile aliyonunuliwa. Uliporudi, katika mtaa wetu ulirudi kwa vishindo: unakuja, unakatika, kisha unakuja kwa nguvu kupita kiasi. Jirani yangu aliunguliwa na friji na televisheni kwa mchana mmoja.

Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka 2009, na katika kiinua mgongo changu nilikuwa nimenunua kompyuta ya mezani, kitu cha fahari katika nyumba ya mwalimu. Niliposikia kilio cha jirani, niliapa kwamba mashine yangu haitalala usiku hata mmoja ikiwa na umeme ndani yake. Mwaka 2013 ulianza kazi waya mpya wa baharini, wa megawati 100, na mambo yakatengemaa kwa kiasi kikubwa. Lakini mazoea yana tabu. Waya ulibadilika, mimi sikubadilika.

Kompyuta ile haikuwa ya anasa. Kaka yangu mkubwa yuko London tangu mwaka 1988. Mama yetu, ambaye wakati wa kisa hiki alikuwa amepindukia miaka 80, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na simu ya mkononi kwake ilikuwa kijisanduku chenye sauti tu. Kwenye skrini kubwa ya mezani, akisogezewa kiti mpaka pua inakaribia kugusa, alikuwa akimtambua mwanawe. “Nitilie kwenye kioo nimwone,” ndivyo alivyokuwa akisema. Kila Ijumaa jioni tulimtilia kwenye kioo.

Mwenye kuifungua mashine jioni hizo alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Makunduchi, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akikaa kwetu kwa ajili ya skuli. Alikuwa mpole, hasemi mpaka aulizwe. Akirudi mchana huiwasha, hufanya kazi zake za skuli, na mimi nikija jioni naikuta inawaka tayari. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu mimi sikulishika.

Ikaingia Ramadhani ya mwaka 2019, mwezi wa Mei, na masika bado yananyesha. Saumu ya London katika siku hizo ni ndefu, magharibi yao huchelewa mpaka karibu na saa tatu za usiku, na kwetu jioni ni futari kisha tarawehi. Kaka akaomba tuzungumze asubuhi, saa nne kwetu, ambayo kwake ni saa mbili, kabla hajatoka kwenda kazini. Basi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikawa mimi ndiye ninayeiwasha kompyuta, asubuhi, peke yangu.

Ikawaka. Kwanza likatokea bango jeusi lenye maandishi meupe ya Kiingereza, likitaka nibonyeze kitufe cha F1. Nilikibonyeza. Nikafungua kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. (Neno hili nalipenda. Kuvinjari kwetu sisi watu wa pwani ni kazi ya chombo kinachozunguka huku na huko baharini, kikilinda au kikitafuta.) Siku hiyo chombo changu hakikutoka bandarini. Kila ukurasa niliouita ulirudi na onyo jekundu kwamba mawasiliano si salama. Barua pepe, hapana. Magazeti, hapana. Ule ukurasa wa kuzungumza na kaka, hapana. Ukurasa mmoja tu wa zamani, usio na ile alama ya kufuli pale juu, ndio uliofunguka bila ya matata.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, amejitanda kanga nzuri.

Nilifanya nini? Nilifanya wanayofanya watu wengi. Nilizima kisanduku cha intaneti nikakiwasha. Nikaijaribu simu yangu kwenye mtandao ule ule wa nyumbani, ikafungua kurasa zote. Hicho kilikuwa kipimo kizuri, pengine ndicho kitendo pekee cha akili nilichokifanya siku ile, maana kilinionyesha kwamba njia ya nje ni nzima na ubovu umo ndani ya mashine. Lakini badala ya kukaa nikaliza onyo linasema nini, nilianza kufuta. Nilifuta historia yote ya kivinjari, nikafuta vile vijalada ambavyo kurasa huviacha ndani ya mashine ili zikukumbuke, na pamoja navyo nikafuta maneno ya siri yote yaliyohifadhiwa, hata lile la kuingilia kwenye mazungumzo ya kaka. Mtu aliyefungiwa nje, akatupa ufunguo kisimani kwa hasira, ndiye mimi.

Tena nilikuwa mwalimu. Kwa miaka 34 niliwaambia wanafunzi: someni swali kwanza. Onyo lile lilikuwa na mistari, na mstari mmojawapo, kama nilivyokuja kuonyeshwa baadaye, ulitaja saa ya kompyuta kwa jina. Kiingereza nakisoma vizuri. Wekundu wa lile bango ulinitosha, nikalifunga kama mtu anayeifunga barua ya deni.

Mchana kijana alirudi, akakaa kwenye mashine, na baada ya muda mdogo kurasa zikafunguka. Mama alikuwa ameshalala, na kaka ameshakwenda kazini. Asubuhi ya pili nikawasha mimi: onyo jekundu. Mchana akawasha yeye: kurasa hizo hapo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Na siku hiyo ya tatu nilipita nyuma yake nikamwona yuko kwenye ukurasa wa mipangilio ya mashine, akibadilisha kitu. Aliponiona, aliufunga upesi.

Basi ushahidi ukatimia. Mashine inamtii yeye, inanikataa mimi. Ameifunga kwa ujanja wa vijana ili aitumie peke yake. Au ameiletea virusi kwa zile flashi anazojazia nyimbo Darajani, na sasa anaficha. Kesi ilikamilika, tena kwa kufuata mantiki, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo nikilikumbuka. Kila nilichokiona kilikuwa kweli.

Nilimsema wakati wa futari, mbele ya wageni wawili. Sitaki kuyaandika maneno yote. Alikuwa ameshika bilauri ya maji, akaiweka chini. “Mjomba,” akasema, “mimi naitengeneza saa tu.” Nikamjibu: “Nakuuliza kompyuta, wewe waniambia saa?” Mgeni mmoja akacheka. Kijana hakusema tena.

Kesho yake akaja kuniomba ruhusa aende shamba akamalizie Ramadhani kwa mama yake. Nikampa ruhusa na nauli. Mama yangu, aliyekuwa akisikia yote kutoka kitandani, aliniita baada ya gari kuondoka. “Mtoto umemuuliza mara tatu,” akasema. “Hiyo mashine yako umeiuliza mara ngapi?”

Na mashine ikawa haifungui kitu asubuhi wala jioni. Hilo lilipaswa kuniamsha. Mwizi ameondoka na mali inazidi kupotea!

Katika kumi la mwisho niliibeba kompyuta mpaka kwa fundi mmoja wa Mkunazini ambaye nilimsomesha utotoni. Akanipa shikamoo, akaniletea kiti, akaiwasha. Lilipotokea lile bango jeusi la F1 alitaka kulisoma, mimi nikanyoosha mkono nikabonyeza. Akanitazama. “Mwalimu, hili bango limeanza lini?” Nikasema sijui, pengine tangu mwaka jana. Kijana aliwahi kuniambia kwamba mashine inasema kitu kuhusu saa, nami nikamwambia bonyeza uendelee.

“Basi kabla sijafungua hata skrubu moja,” akasema, “nisomee pale chini, pembe ya kulia.”

Nikavaa miwani. Ilikuwa imeandikwa tarehe 1 Januari 2009, saa sita na dakika saba za usiku. Nje jua la saa tano za asubuhi lilikuwa likichoma, na wachuuzi wa nguo za sikukuu wakipiga kelele.

Alinifahamisha kama ifuatavyo, nami nayaandika kwa kuwa ni elimu ya kumfaa mtu yeyote mwenye mashine nyumbani. Ndani ya kompyuta ya mezani, juu ya ubao wake mkuu, mna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, ya volti 3, aina inayoitwa CR2032. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati mashine imekatiwa umeme kabisa. Plagi ikiwa imechomekwa na swichi ya ukutani iko wazi, hata kama kompyuta yenyewe imezimwa, umeme kidogo huendelea kupita ndani na kuibeba saa, na betri hupumzika. Ukizima ukutani, mzigo wote unaiangukia betri. Mimi niliiangushia mzigo huo kila usiku kwa miaka tisa. Ilipokufa, kila nilipozima swichi mashine ilisahau leo ni lini, na asubuhi ikaamka katika tarehe iliyotiwa kiwandani.

Na kurasa je? Kila ukurasa wenye alama ya kufuli huja na hati ya kujitambulisha, na hati hiyo ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama leseni ya gari. Kivinjari kabla ya kuingia hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta yako, maana hakina saa nyingine ya kutazama. Mashine iliyoko Januari 2009 ikioneshwa hati iliyoandikwa 2019, inaiona ni hati ambayo wakati wake haujafika, na jambo la busara kwa mlinzi ni kuikataa. Ule ukurasa wa zamani ulifunguka kwa sababu haukuwa na hati ya kukaguliwa. Siku hizi mlinzi huyu amezidi ukali: Septemba 2020 vivinjari vikubwa viliacha kukubali hati mpya ya muda unaozidi siku 398, na nyingi hudumu siku 90 tu, kwa hiyo saa iliyopotea hata kwa miezi michache yatosha kukufungia milango.

Nikamuuliza, kwani kompyuta haiulizi saa kutoka nje? Akasema huuliza, lakini Windows za nyumbani zina mpaka: tofauti ikizidi saa 15, kwa kawaida haikubali kujirekebisha, huona kwamba aliyekosea ni yule anayeiambia. Alisema hayo huku akitafuta bisibisi, bila ya kunitazama, na sidhani kama alikusudia lolote.

“Lakini mbona mchana ilikuwa inafanya kazi?” nikauliza.

“Kuna mtu alikuwa akiiweka tarehe kwa mkono,” akasema fundi. “Ukiiweka inafanya kazi mpaka usiku ukizima. Kesho inabidi uiweke tena. Huyo mtu ana subira.”

Betri nililipa shilingi 2,000. Kazi yenyewe haikufika dakika kumi, nyingi zikiwa za kupangusa vumbi na kufukuza sisimizi.

Kesho yake nilipanda gari ya Makunduchi na saumu yangu. Njia ile naijua, Tunguu, Msitu wa Jozani na wale kima wetu wekundu, Kitogani, kisha mawe na vichaka mpaka bahari ya kusini. Lakini siku hiyo ilikuwa ndefu. Nilikuwa najiuliza maneno. Mzee kwetu hufundishwa namna ya kusamehe, ila namna ya kuomba radhi kwa mtoto hafundishwi na mtu. Katika miaka 34 ya kusomesha sikumbuki kumwambia mwanafunzi kwamba nimekosa mimi, na haiyumkini kwamba sikukosa.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akifunga makuti ya ua. Dada akanitandikia mkeka kivulini. Nilimwita kijana, akaja, akanipa mkono na kuubusu kama kawaida, na hilo lilinizidishia uzito. Nikamwambia mbele ya mama yake: “Niwie radhi, mwanangu. Kosa lilikuwa langu, na nilikusema mbele za watu.”

Alitazama chini. Kisha akauliza: “Ilionesha mwaka gani, mjomba?”

“Elfu mbili na tisa.”

“Ndiyo hiyo hiyo,” akasema, na akacheka kidogo.

Nikamuuliza kwa nini hakunifahamisha waziwazi. Akajibu kwamba aliniambia mara mbili, na mara ya tatu aliona haya. Siku ile alipoufunga ukurasa wa mipangilio upesi, aliogopa kwamba nitamgombeza kwa kuchezea mashine. Dada hakusema kitu. Alikuwa akichambua mchele, akaendelea kuchambua.

Tulirudi mjini sote wawili. Mkesha wa Idd kijana hakwenda kutembea Darajani na wenzake, alikaa akihangaika kuyarudisha maneno ya siri niliyoyafuta. Moja lilikuwa limefungwa na namba ya simu niliyoiacha miaka mingi, na hilo lilitula usiku nusu. Mwanzoni mwa Juni, siku ya Idd, saa nne za asubuhi, watoto wakipita na mabaluni kuelekea Mnazi Mmoja, tulimtilia Mama kwenye kioo. Akaisogeza pua yake. “Mbona umekonda?” akamwambia mwanawe. Kaka ana kilo zaidi ya mia. Walizungumza muda wa saa nzima na robo, na mimi nilikaa barazani ili wasinione.

Nasema hivi kwa kuwa hawakuonana tena kwa macho. Kaka alikuwa amekata tiketi ya kuja mwaka uliofuata, na mwezi wa Aprili 2020 Mama alipofariki ndege za kimataifa zilikuwa zimesimama. Ijumaa zilizopatikana kati ya Idd ile na mauti yake zilipatikana kwa betri ya shilingi 2,000 na kwa subira ya kijana mmoja. Zile zilizopotea Ramadhani, nilizipoteza mimi.

Tangu hapo mtu akinijia na malalamiko ya kompyuta, na majirani hunijia, kana kwamba aibu imenifanya fundi, sikubali kusikia habari za nani aliigusa mwisho. Namwambia tusome kwanza imeandika nini. Namwambia atazame saa, tarehe, na mwaka pia, maana mara nyingi dakika zinaonekana sawa na mwaka ndio uliopotea. Namwambia ajaribu simu kwenye mtandao ule ule, na afungue kivinjari kingine kabla ya kukilaumu cha kwanza. Asifute kitu ambacho hajui atakirudishaje. Wengine huchoka kunisikiliza, wakaenda kuwauliza watoto wao, na hilo pia ni jibu zuri.

Kompyuta yenyewe sasa iko stoo. Windows 7 iliyokuwa ndani yake iliacha kupata marekebisho Januari 2020, na skrini imehamia chumba kingine. Kijana yuko Dar es Salaam anasoma. Siku ile tuliporudi kutoka Makunduchi alikata kipande cha karatasi, akakibandika kwa utepe juu ya swichi ya ukutani, na kwa kalamu nene akaandika: USIZIME. Juzi tulipozungumza kwa simu aliniuliza kama ile karatasi bado ipo. Nikamwambia ipo, ingawa soketi ile haina kitu kilichochomekwa.